Kuandaa Njiwa wa Kubingirika kwa Mashindano: Kutoka Kinda Hadi Siku ya Mwamuzi

Njiwa wa kubingirika akiwa peke yake angani ni burudani tosha. Anapiga mabawa, ghafla anarusha kichwa nyuma, anapiga vichwangomba vya kinyumenyume kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuhesabu, anashuka mita sita au saba kama mpira unaozunguka, kisha anakunjua mabawa na kuwarudia wenzake. Anayeliona hilo kwa mara ya kwanza husimama akaacha alichokuwa akifanya. Mwamuzi wa mashindano hashtuki. Yeye anangoja njiwa watano wafanye hivyo kwa sekunde moja, na wakiwa wanne haandiki kitu.

Hapo ndipo wageni wa mchezo huu huumia. Wamefuga njiwa ishirini wazuri, lakini hawajafuga kundi. Mimi mwenyewe nilipoteza misimu miwili kwa kumpenda dume mmoja mwekundu aliyebingirika kuliko wote, ila kila mara wenzake wakiwa wamemaliza. Nilikuwa namsifia kwa kila mgeni. Baadaye nilipotazama daftari nikaona kwamba yeye ndiye aliyekuwa akilivunja kundi.

Wafugaji wengi huwaita rola tu, nami nitawaita hivyo. Asili ya wale wanaoshindanishwa leo ni mji wa Birmingham na vitongoji vyake huko Uingereza, na damu yao ilisambaa sana Marekani kupitia kwa William Pensom, mfugaji aliyehamia huko kutoka Uingereza. Jambo la msingi la kujua ni hili: kubingirika hakufundishwi. Kumo katika damu, kinda hurithi kwa wazazi. Unachoweza kufundisha ni kuruka kwa kushikamana, urefu wa kuruka, kurudi bandani kwa mwito, na kwa kiasi fulani hamu ya kubingirika kwa wakati mmoja. Ukinunua damu mbovu, hakuna chakula wala mazoezi yatakayokuokoa.

Jua kwanza kinachohesabiwa

Soma kanuni za chama unachoshindania kabla ya kupanga lolote, kwa sababu zinatofautiana. Kuna mashindano ya kundi la njiwa 11 na kuna ya njiwa 20. Nitafuata haya ya 20, yanayotumika kwenye World Cup ya Birmingham Roller, kwani ukiyamudu hayo mengine hayatakusumbua.

Mwamuzi ndiye anayekuja bandani kwako, maana rola huruka juu ya nyumbani kwake. Ukifungua mlango unapewa dakika 5 za kuwaacha wapande na kujipanga. Ndani ya dakika hizo unamwambia mwamuzi aanze, na usipotamka neno zinapokwisha saa inaanza yenyewe. Kuanzia hapo anahesabu kwa dakika 20. Kinachohesabiwa ni mpigo, yaani njiwa watano au zaidi kubingirika pamoja, kila mmoja akishuka angalau futi 10, kama mita 3 hivi. Alama huenda hivi:

- njiwa 5 hadi 9 pamoja: alama 1 kwa kila njiwa
- njiwa 10 hadi 14: alama 2 kwa kila njiwa
- njiwa 15 hadi 19: alama 3 kwa kila njiwa
- wote 20: alama 5 kwa kila njiwa, yaani 100 kwa mpigo mmoja

Mwishoni jumla inazidishwa mara mbili: kwanza kwa ubora wa mibingiriko, kisha kwa kina chake, na kila kizidishi ni kati ya 1.0 na 2.0. Chukua kundi lililopiga mipigo 16 ya njiwa watano, hizo ni alama 80, na mipigo 5 ya njiwa kumi, hizo ni 100. Jumla 180. Mwamuzi akitoa 1.4 kwa ubora na 1.3 kwa kina, alama za mwisho ni 327.6.

Mpigo mmoja wa njiwa kumi unalipa sawa na mipigo minne ya watano. Kwa hiyo njiwa wa wastani anayejibu wenzake wanapoanza ana thamani kuliko fundi anayecheza kwa saa yake. Kumbuka pia kwamba kundi likitawanyika halihesabiwi, hata wawe wanabingirika vipi: kwa kawaida njiwa zaidi ya wawili wakijitenga, mwamuzi anashusha kalamu hadi warudi.

Banda la kundi

Rola wa mashindano hawaishi pamoja na wazazi wa kuzalisha. Wajengee chumba chao kidogo. Sanduku la mita 1.2 kila upande linatosha njiwa 20, ilimradi hewa inapita juu na chini bila upepo kuwapiga moja kwa moja. Kila njiwa awe na kitulio chake chenye umbo la V iliyopinduliwa, na kimoja au viwili vya ziada ili kusiwe na ugomvi. Umbo hilo lina faida mbili: kinyesi hakimwangukii aliye chini, na njiwa hawezi kujilaza na kujenga kiota pale.

Chumba kiwe na mwanga hafifu. Njiwa anayekaa kwenye nusu giza hutulia, hachezi, hapandani na wenzake, na mlango unapofunguliwa anatoka na hamu ya kuruka. Wengine huona huu ni ukatili. Si ukatili kama chumba ni kikavu, kisafi, na kundi linarushwa mara kwa mara. Kumfungia njiwa gizani wiki nzima bila kumrusha, hilo kweli ni kosa.

Madume na majike watenganishwe mara msimu wa kuzaliana unapokwisha. Jike mwenye yai tumboni hapaswi kurushwa kabisa, na dume anayefukuza jike angani anaharibu mpangilio wa kundi zima.

Makinda: kuanzia siku ya 30

Mayai ni mawili, huatamiwa kama siku 17 au 18, na kinda huvishwa pete ya kudumu akiwa na siku saba hivi, kabla mguu haujanenepa. Andika namba hiyo ya pete pamoja na za wazazi wake siku hiyohiyo. Usijidanganye kwamba utakumbuka.

Kinda akifika siku 30 hadi 35 na anakula mwenyewe, mhamishie kwenye banda la kundi pamoja na wa rika lake. Juu ya banda weka kizimba cha wavu ambamo makinda watakaa saa chache kila siku, wiki moja hadi mbili, wakitazama mazingira: paa, miti, nyaya, uelekeo wa jua. Wakiwa humo waingize bandani kwa chakula tu. Piga filimbi au tikisa kopo la nafaka kila unapowalisha, sauti ileile, saa ileile. Baada ya siku kumi utaona wanakimbilia mlango kabla hujafika.

Siku ya kwanza ya kuwaachia nje wawe na njaa, jioni, hakuna upepo, na usiwafukuze. Wengine watakaa juu ya paa wakishangaa, mmoja ataruka mzunguko na kutua. Inatosha. Waite, wale, wafunge. Siku zinazofuata muda utaongezeka wenyewe. Bendera ya kuwapandisha isitumike mpaka wote wamezoea kuingia kwa mwito, la sivyo utawafundisha kuogopa paa lako na kutua kwa jirani.

Kuanzia hapo rusha kila siku inayoruhusu. Katika umri huu, kabla hawajaanza kubingirika, ndipo njiwa hujifunza kushikamana. Anayejitenga sasa bila sababu ya ugonjwa atajitenga hata akiwa mkubwa. Mara nyingi wenye tabia ya kujitenga ni walewale makinda wa mwisho waliochelewa kuingia kwenye kundi, hivyo jitahidi kuzalisha kwa makundi ya rika moja badala ya kinda mmoja leo na mwingine baada ya wiki tatu.

Wanapoanza kupinduka

Kati ya umri wa miezi mitatu na sita utaona dalili. Kinda anakalia mkia hewani, anapiga kichwangomba kimoja, anashtuka, anarudi. Baadaye viwili, vitatu. Familia nyingine huchelewa hadi umri wa miezi minane au zaidi, na mara nyingi hao wachelewao hudumu kuliko wanaowahi. Usichinje wala kugawa njiwa kwa sababu tu ana miezi sita na hajapinduka.

Kipindi hiki ni cha hatari. Njiwa aliyeanza kwa nguvu asiye na uwezo wa kujizuia huja chini hadi ardhini au kwenye paa. Akigonga mara moja na akapona, mpumzishe wiki mbili hadi tatu, mnenepeshe kidogo, mjaribu tena. Akirudia, mtoe, na usimzalishe hata kama kina chake kinakuvutia. Njiwa asiyejua kusimama atazaa wasiojua kusimama.

Angalia namna anavyobingirika. Umtazame kwa ubavu na kwa mbele. Kwa ubavu, mwenye kasi anaonekana kama gurudumu dogo lenye tundu katikati. Kwa mbele, mabawa yake yanafanya umbo linalofanana na herufi H au A, bila kuyumba. Dosari zinazojirudia ni hizi: kubadili mabawa katikati ya mzunguko hadi mwili unapinda, kuzunguka kilalo kama sahani, na kupinduka polepole hadi unaweza kuhesabu kila kichwangomba. Ukiweza kuvihesabu, mwamuzi pia anavihesabu, na kizidishi cha ubora kinashuka.

Kina cha mita 6 hadi 9 kinatosha. Najua wapo wanaojivunia njiwa wa mita 15 na zaidi. Huyo anachelewa kurudi, wenzake wameshapiga mpigo mwingine bila yeye, na siku akichoka ndiye wa kwanza kugonga chini.

Chakula ndicho usukani

Ukiniuliza ninachotumia muda mwingi kukifikiri, ni chakula. Kundi lilelile, lenye damu ileile, linaweza kuruka kama mawe leo na kama karatasi kesho kutwa, na tofauti ikawa ni kikombe kimoja cha nafaka.

Anza na kiasi. Rola mzima hula kama gramu 28 hadi 30 kwa siku, hivyo kundi la 20 linahitaji takriban gramu 600. Pima kwenye mizani mara moja, mimina kwenye kikombe, weka alama, kisha tumia kikombe hicho daima. Wape mara moja kwa siku baada ya kuruka, wote kwa pamoja kwenye kihori kirefu ili asiwepo anayesukumwa. Simama uwatazame wanakula. Shayiri, ukiichanganya kidogo, itakusaidia: njiwa huiacha mwisho, kwa hiyo wakianza kuibagua ujue wameshiba.

Halafu aina. Ngano ina protini ya wastani, kama asilimia 12, na hulifanya kundi kuwa jepesi bila kulitia nguvu ya kuruka kwa muda wa saa mbili. Mtama una kama asilimia 10 na wanga mwingi, unatia joto na nishati ya haraka. Njegere kavu na jamii ya kunde zina asilimia 20 na zaidi, na hizo ndizo hujenga misuli na manyoya. Makinda wanaokua na njiwa wanaobadili manyoya wanahitaji njegere. Kundi la mashindano lililokomaa linahitaji kidogo sana, vinginevyo litapanda juu mpaka linakuwa nukta, litazunguka saa nzima, na hakuna atakayepinduka. Mwaka mmoja nilichanganya njegere theluthi moja wiki ya mwisho nikidhani nawatia nguvu. Mwamuzi alisimama dakika 20 shingo ikiwa juu, akaniambia kwa upole kwamba njiwa wangu wana afya njema sana.

Kipimo chako cha kila siku kiko mkononi. Mshike njiwa, pitisha kidole juu ya mfupa wa kidari. Ukiusikia mfupa kwa urahisi lakini pande zake zina nyama iliyojaa na ngumu, yuko sawa. Mfupa ukiwa kama kisu na nyama imezama, umemkondesha. Ongeza siku hiyohiyo. Ukiutafuta mfupa huuoni, amenenepa. Usilihukumu kundi zima kwa njiwa mmoja: shika watano au sita, wale wale wakubwa na wadogo wa mwili, kila baada ya siku mbili.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa uwazi. Kuna dhana kwamba njaa ndiyo inayobingirisha. Njiwa aliyekondeshwa hubingirika ovyo, hapati nguvu ya kurudi juu, na hugonga. Njaa unayoitaka ni ile ya saa chache kabla ya mlo, inayomfanya akumbuke bandani. Maji yawe pale wakati wote, masafi, na hata siku ya mashindano usiwanyime. Changarawe, maganda ya chaza yaliyopondwa na madini ya chumvi viwe kwenye kisahani pembeni, navyo ubadilishe kila wiki maana vikilowa hawavigusi.

Ratiba ya kuruka na daftari

Makinda huruka kila siku. Kundi lililokomaa ukilirusha kila siku litachoka na kubingirika kwa mazoea. Wafugaji wengi hurusha siku moja na kupumzisha moja au mbili. Muda wa kuruka unaoutafuta ni dakika 30 hadi 45. Likitua chini ya dakika 20 limekosa nguvu au lina ugonjwa. Likipita saa moja, punguza njegere au kiasi.

Fundisha pia kushuka. Njiwa weupe wawili au watatu wasiobingirika, wanaotolewa juu ya banda wakati wa mwito, huwavuta walio angani. Wafugaji wengi huwatumia, na wanaonekana kwa mbali. Lakini uwatoe muda wa kuhesabiwa ukishakwisha, kamwe si kabla.

Daftari ndilo linalofanya kazi ambayo moyo wako hautaki kuifanya. Kila njiwa avae pete ya rangi ya plastiki au awe na alama ya manyoya unayoitambua kwa mbali. Kila kundi linaporuka andika tarehe, saa, hali ya hewa, chakula cha jana, dakika walizoruka, idadi ya mipigo, na waliojitenga. Kisha chagua njiwa wawili tu wa kuwafuata siku hiyo. Macho hayawezi kufuata ishirini. Kwa kila mmoja wao andika: alibingirika mara ngapi, mara ngapi ilikuwa pamoja na wenzake, alirudi kwa haraka kiasi gani. Baada ya wiki tatu au nne umempitia kila njiwa, na takwimu zitakushangaza. Yule uliyedhani mvivu hubingirika mara 12, kumi kati yake ndani ya mpigo. Yule nyota hubingirika mara 20, tatu tu ndani ya mpigo.

Hivi ndivyo unavyochuja. Anza na njiwa 30 hadi 40, wagawe makundi mawili, na kila baada ya wiki mbili hamisha mmoja au wawili, si zaidi. Ukibadilisha watano kwa mara moja unakuwa na kundi jipya na daftari lote la nyuma halikusaidii tena. Mtoe kwanza anayejitenga, kisha anayetua mapema, kisha anayegonga, kisha mwenye mtindo mbaya, na wa mwisho kabisa ni asiyebingirika mara nyingi. Mpangilio huo wengi huugeuza, ndiyo maana nauandika. Njiwa mwenye kazi ndogo lakini anayekaa ndani ya kundi hakuharibii. Anayejitenga anawavuta wengine wawili, na ghafla mwamuzi ameshusha kalamu.

Usimtupe kila unayemtoa. Yule dume wangu mwekundu alihamia banda la kuzalisha, akapewa jike mtulivu wa kina kifupi, na watoto wake wawili wakaingia kundini.

Afya, kwa ufupi

Kinyesi kigumu chenye kofia nyeupe, macho makavu, koo la waridi lisilo na utando: ukikosa kimojawapo usirushe. Ugonjwa wa koo unaosababishwa na trikomonasi hutoa utando wa njano mdomoni, na koksidia, vimelea vya utumbo, huleta kinyesi cha maji na kukonda. Vyote vina dawa, lakini mpelekee daktari wa mifugo kinyesi na sampuli ya koo kabla ya kumwaga dawa kwenye maji kwa kubahatisha. Chanjo ya paramiksovirusi, virusi vinavyoshambulia neva za njiwa, ni ya lazima kwa maoni yangu, makinda wakiwa na wiki tano au sita.

Kuna tahadhari mbili wasizozijua wengi. Dawa ya minyoo ya fenbendazole isitolewe njiwa wakiwa wanaotesha manyoya, kwani huyaharibu manyoya yanayokua na kwa njiwa inaweza kuwa sumu. Na njiwa anayepinda shingo na kuanguka kinyumenyume bandani huenda si rola mwenye hamasa; inaweza kuwa paramiksovirusi au salmonela. Mtenge mara moja.

Tiba zote zikamilike wiki tatu kabla ya mashindano. Angalia pia manyoya ya bawa: yale makubwa kumi ya nje hudondoka moja baada ya jingine kuanzia la ndani. Njiwa aliyefika kwenye manyoya marefu ya mwisho, yakiwa bado na damu kwenye shina, hapaswi kushindana.

Vipanga na kozi

Hakuna mfugaji wa rola asiyepoteza njiwa kwa kipanga. Ndege anayebingirika anaonekana kama aliyejeruhiwa, na mwindaji hushambulia aliyejeruhiwa. Badili saa za kurusha, funga kundi kabisa majuma ambayo vipanga wanapita kwa wingi, usirushe asubuhi ileile kila siku kwenye eneo lililo wazi, na kundi likishashambuliwa lipumzishe siku tatu au nne maana litaruka kwa woga, likiwa limebanana bila kubingirika.

Usimguse kipanga. Mwaka 2007 maafisa wa wanyamapori wa serikali kuu ya Marekani waliwakamata wafugaji kadhaa wa rola, baadhi yao viongozi wa vyama, kwa kuua vipanga na kozi wanaolindwa na sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918. Nchi nyingi zina sheria zinazofanana na hiyo. Mchezo huu ulichafuka jina, na wasiohusika ndio wanaoulizwa maswali hadi leo.

Wiki mbili za mwisho

Kufikia hapa kundi liko tayari au haliko. Wiki mbili hazitengenezi njiwa, zinapanga tu nguvu yao.

Siku ya 14 hadi ya 8 kabla ya mwamuzi, rusha siku moja na kupumzisha moja, saa ileile ambayo atakuja. Kama ratiba inasema saa nne asubuhi na wewe huzoea jioni, badilisha sasa. Mlete rafiki asimame pale atakaposimama mwamuzi, maana njiwa huona sura ngeni chini na wengine hushtuka. Chakula kiwe ngano kwa sehemu kubwa, mtama na shayiri kidogo.

Siku ya 7 fanya mrusho wa mwisho wa kuhukumu. Andika ishirini wako na wawili wa akiba, na baada ya hapo usibadilishe kitu isipokuwa mmoja akiugua. Wengi hupatwa na homa ya mabadiliko siku hizi: anaongeza vitamini, anajaribu mbegu za mafuta alizosikia mtu akizisifia, anamrudisha yule nyota. Acha.

Siku ya 5 au ya 4 rusha mara moja, kwa muda mfupi. Kisha pumzisha. Siku ngapi? Hilo kundi lako ndilo linalojua, na ndiyo sababu mzunguko huu uwe umeufanyia majaribio angalau mara mbili miezi iliyotangulia: pumzisha siku mbili uone, mara nyingine tatu, nyingine nne. Langu hubingirika vizuri baada ya siku tatu, na baada ya nne huanza kuwa na fujo. Wakati wa mapumziko chumba kiwe na mwanga hafifu, chakula kipunguzwe kidogo siku ya kwanza kwa sababu hawatumii nguvu, kisha mlo wa mwisho, kama saa 20 kabla ya kuruka, uwe kamili na wenye mtama zaidi. Waogeshe siku mbili kabla, si siku moja kabla, manyoya yapate kukauka na kujipaka unga wake.

Siku yenyewe

Asubuhi pitisha mkono kwenye gole la kila njiwa, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Liwe tupu. Akiwepo mwenye gole lililojaa au lenye maji yanayochezacheza, ana tatizo. Weka wa akiba. Usiwashikeshike zaidi ya hapo. Fungia mbwa, zima muziki, ondoa nguo zilizoanikwa ambazo hazikuwapo jana.

Mwamuzi akifika, mweleze ni njiwa wangapi na uwaonyeshe. Fungua mlango, watoke wote kwa mara moja. Sasa inakuja ile dakika tano ambayo watu huipoteza kwa papara. Usiite saa kwa sababu wameshaanza kuruka. Ngoja wapande, wakusanyike, wafanye mpigo wa kwanza wa kupashia viungo. Baadhi ya makundi hufanya kazi nyingi dakika za mwanzoni na kulegea baadaye. Hilo daftari lako litakuwa limekuambia, na kama lako ni la namna hiyo, ita mapema. Kama ni la kuchelewa kuwaka, tumia karibu dakika zote tano.

Baada ya hapo kaa kimya. Hakuna filimbi, makofi wala bendera. Usimwonyeshe mwamuzi mpigo kwa kidole. Ana macho, na wengine hukasirika. Kundi likitawanywa na kipanga muulize kwa adabu kanuni inasemaje, kwa kuwa vyama vingi vina kipengele cha jambo hilo, na uamuzi akiutoa upokee. Kanuni nyingi pia hudai kundi lidumu hewani angalau dakika 15, kwa hiyo hata wakikuudhi usiwaite mapema.

Dakika 20 zikiisha, toa wale weupe, piga filimbi, na uwape ngano na njegere kuliko siku zote. Leo wanaruhusiwa. Wahesabu wakiingia. Mguse kila mmoja kidari na magoti uone kama kuna aliyegonga kitu. Kesho usiwarushe, wawekee beseni la kuogea. Halafu, kabla hujasahau na kabla ya kuangalia alama za wenzako, fungua daftari uandike namba ya pete ya yule aliyejitenga dakika ya saba.